Kifuniko cha Kiwanda Kingine

Ndugu Mkaguzi Arnaud,
Klabu ya Roketi, Alby.

Salamu kutoka Rinkeby. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiganda hukijui, na Kifaransa chako kinanipita. Sitaki kulalamika nusu.

Jumamosi iliyopita, mbele ya watu, ulikataa kuirusha roketi aliyoijenga binti yangu Jovia. Mota yake ni ya kujazwa upya: ganda la alumini, vifuniko viwili, na fueli mpya kila safari. Ganda nilipewa na mzee mmoja Mswidi wa Spånga aliyechoka na mchezo huu. Vifuniko nilinunua mwenyewe kwingine, nikampa Jovia mota nzima iwe zawadi. Wewe ukafungua jedwali lako, ukapitisha kidole, ukasema viwanda ni viwili, vifaa havioani. Iliniuma, maana zawadi ilikuwa yangu na aibu ikawa yangu. Jumamosi hii nataka roketi iruke. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ganda lina upana wa milimita thelathini na nane. Vifuniko navyo vimeandikwa thelathini na nane. Nambari hazina kabila.

2. Kweli, kifuniko cha nyuma kilicheza kidogo. Nikakizungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba. Bomba la jikoni kwangu nililifunga hivyo hivyo na halijavuja hadi leo. Wewe ukaniangalia kama niliyekuletea bomu.

3. Kwenye sherehe zetu pilau hupikwa katika sufuria ya Mkongo na kufunikwa kwa kifuniko cha Mkenya. Hajalipuka mtu, isipokuwa shemeji Andrew, na yeye ni kwa ajili ya siasa.

4. Mimi ni Mganda. Mke wangu Josefina ni Mpare wa Same. Wazee wa pande zote mbili walisema hatutawezana. Kwa jedwali lako Jovia asingezaliwa. Ungekagua roketi ya nani?

5. Hili ndilo zito: umeniharibia mtoto. Nilipomwomba anitetee kwako, alinijibu kwa Kiswidi kwamba haiwezekani, baba, akaenda zake kupanda treni. Jana amelipanga upya kabati la jikoni, kila sufuria na kifuniko ilichonunuliwa nacho. Mama yake anacheka. Mimi sicheki.

Kwa hiyo naomba klabu ifute kabisa ukaguzi wa kuoanisha vifaa, jedwali lipelekwe makumbusho, na watu wazima tuaminiane. Kupekuapekua asili ya kila kitu ni kukosa imani na binadamu.

Nisalimie mama yako, ndugu zako na wanaklabu wote, hata yule anayehesabu kurudi nyuma kwa sauti ya kutisha watoto.

Mimi niliyeudhika, lakini bado nakupenda,
Mzee Ssemakula

Nyongeza: Arnaud mwanangu, barua ya mjomba wako Herménégilde ya kukuposea Jovia imefika, nashukuru. Kabla ya kikao, niletee majina ya babu na bibi zako wa pande zote mbili, ukoo wa kila mmoja, na walikotoka kabla ya Bujumbura. Shangazi yake Jovia, Faridah, atapiga simu kuhakikisha. Kwamba mnapendana nimesikia. Huo ni upana tu, kama ule wa ganda na vifuniko. Najua utaona nakuchelewesha. Roketi ikilipuka tutajenga nyingine, lakini Jovia ninaye mmoja.