Chanzo Kimoja cha Wasifu wa Baba Mkubwa

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Baba Mkubwa alifariki jana asubuhi. Fundi mizani kwa miaka hamsini na minne. Hakuna duka katika mji huu ambalo mizani yake haikupita mikononi mwake. Mazishi Jumamosi. Nimelia kwa muda wa kutosha, nikaoga, nikaenda kwenye kikao cha familia.

Tulikaa sebuleni kwa Mama Mkubwa. Viti kumi na kimoja, sita vya kuazima. Shangazi ndiye mwenyekiti. Hakuchaguliwa na mtu. Alikaa tu kwenye kiti cha mbele akaanza kuuliza. Alipouliza nani ataandika wasifu wa marehemu, nilisimama kabla swali halijaisha. Nikaeleza kwamba mimi ni karani wa masjala mwaka wa kumi na sita, na kwamba mambo ya maandishi yana wenyewe. Shemeji, mume wa dada yangu, mwenye duka la fotokopi, akasema mashine anayo, karatasi anazo, na faili ameshalianza. Nikamwuliza faili linaitwaje. Akasema linaitwa "wasifu mwisho". Marehemu hajapimiwa hata jeneza, wasifu wake umeshafika mwisho!

Shangazi akakata shauri: mimi niandike, Shemeji achape. Nakala mia na ishirini.

Nafasi ya katibu wa familia, aliyokuwa nayo marehemu, sasa iko wazi. Hakuna aliyeitaja. Nami sikuitaja. Niliinamisha kichwa kama wenzangu, nikaifikiria.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Nimepitia dukani kwa Shemeji kukagua hali. Ndani ya kompyuta yake nimekuta "wasifu mwisho", "wasifu mwisho 2", "wasifu mwisho kabisa" na "wasifu mwisho kweli tupu". Yote manne yana sentensi moja, na sentensi yenyewe si moja. Nikaomba kiti.

Nilimweleza mfumo wangu kwa upole, kama mtu anavyomweleza mgonjwa. Chanzo ni kimoja: faili la maandishi matupu, halina rangi wala mapambo, lina alama chache tu za kuonyesha kichwa cha habari na orodha. Nikilihifadhi, programu yangu ya kuandikia inalisoma na kutoa toleo la kuchapa: herufi nene, namba za kurasa, nafasi ya picha. Toleo linaingia kwenye folda inayoitwa Matoleo, ambayo inaonekana kwangu na dukani kwake. Toleo haliguswi! Mwenye neno la kubadili anakuja kwangu, ninabadili chanzo. Toleo ni kivuli, na mtu hanyoi ndevu za kivuli chake.

Shemeji akauliza: yaani akiona herufi moja imekosewa akiwa hapa dukani, atembee hadi kwangu? Nikamjibu ndiyo. Akamgeukia dada yangu akasema basi amtafutie viatu vipya. Dada akacheka. Tuko msibani, na dada wa damu anacheka.

Mchana nilihamia kwenye meza ya kulia chakula kwa Mama Mkubwa, niwe karibu na wafiwa. Alikuja akasimama pembeni yangu. Akasema ana neno dogo la kuweka kwenye wasifu, kuhusu watoto. Nilikuwa katikati ya kurekebisha ukingo wa kushoto, ambao ulikuwa unatoka mnene kuliko wa kulia. Nikamwomba anisubiri. Akakaa, mikono mapajani. Alisubiri vizuri sana. Ukingo ulipokataa kabisa, nilimweleza kwamba maelezo yote mapya yanapitia kwenye fomu, nikampa moja. Ina sehemu tano. Akaigeuza mbele na nyuma, akaiweka mezani taratibu, akaniambia, "Haya, baba, endelea na kazi." Mwanamke mwelewa.

Jumla ya watoto ni wanne. Ninawajua wote, na tarehe zao za kuzaliwa ninazo. Sijui ni neno gani tena lililobaki.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Siku ya mafanikio makubwa. Nimeitengeneza programu yangu iwe na Fagio.

Fagio ni hivi. Kila ninapohifadhi chanzo, folda ya Matoleo inafagiliwa yote, isibaki hata faili moja, kisha toleo jipya linawekwa peke yake. Hapawezi tena kuwa na toleo la zamani, wala la pembeni, wala "kweli tupu". Limenichukua saa sita. Mara mbili lilifagia na picha ya marehemu. Dada akanitumia tena, mara ya pili bila salamu.

Jioni Shangazi aliuliza tumefika wapi. Nikamwambia mfumo umekamilika. Akauliza kuhusu wasifu. Nikamweleza kwamba wasifu ni kazi nyepesi mfumo ukishakuwepo, na kwamba aya ya kwanza inakaribia. Akasema mbele ya watu kwamba mimi ni mtu wa kusugua sufuria hadi ing'ae, wageni wakalala na njaa. Wazee wa upande wa mama wakatikisa vichwa. Nadhani walikuwa wanakubaliana na suala la usafi.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Nimeandika wasifu wote kabla ya saa nne asubuhi. Umetulia. Nimeeleza alivyojifunza ufundi kwa mzee mmoja wa sokoni, alivyokataa maisha yake yote kusema "karibu kilo", alivyorudisha mizani ya mchinjaji mmoja mara tatu kwa sababu ya kosa ambalo mchinjaji mwenyewe hakuwa na haraka ya kusahihishiwa. Nimehifadhi. Fagio likapita. Toleo likakaa kwenye folda, peke yake, safi kama shuka ya hospitali.

Saa tisa alasiri nimekuta jambo la kusikitisha. Toleo limeguswa! Saa ya faili inasema saa nane na dakika ishirini, na saa nane na dakika ishirini mimi nilikuwa nakula. Ni Shemeji. Amefungua toleo akaandika ndani yake.

Sikulifungua. Hili ni suala la kanuni: ukisoma kilichoingizwa kwa mlango wa nyuma, umeshakikaribisha. Niliongeza mkato mmoja kwenye chanzo, ambao ulikuwa unahitajika kwa vyovyote, nikahifadhi. Fagio likafanya kazi yake.

Baadaye Shemeji akapiga simu. Akauliza kama nimeona alichoongeza. Nikamwambia nimeona vya kutosha. Akaanza kueleza kwamba Mama Mkubwa alikwenda mwenyewe hadi dukani, kwa miguu, juani, na kwamba alikaa naye nyuma ya mashine karibu saa nzima. Nikamkatiza. Nikamwambia Mama Mkubwa nilishampa fomu, na suala lake nimeshalishughulikia. Achape kilichomo kwenye folda, asiongeze wala asipunguze. Akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba hakika ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Akasema, "Sawa, Bwana Masjala. Ilimradi umeliweka."

Sikuuliza nimeweka nini. Alikuwa ametii, na mtu akitii hahojiwi.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Tumemzika Baba Mkubwa.

Ukumbi ulijaa. Wenye maduka walikuja wote, hata mchinjaji. Dada alipewa kusoma wasifu, na kila mtu alikuwa na nakala mkononi. Nilikaa safu ya tatu, mahali ambapo mtu anaonekana bila kujionyesha. Ukingo wa kushoto na wa kulia ulikuwa sawa. Nilipima kwa kidole.

Dada akafika kwenye watoto. Akasoma wanne, mmoja baada ya mwingine, kwa majina na tarehe. Mama Mkubwa alikuwa anafuata mistari kwa kidole. Kidole kikasimama. Akafunua ukurasa wa mbele, akarudi nyuma, akafunua tena. Kisha akasimama, akamwambia dada, "Ngoja kwanza, mwanangu."

Alizungumza bila kipaza sauti. Akasema kabla ya hawa wanne kulikuwa na mmoja. Mtoto wa kike. Aliishi mwaka mmoja na miezi miwili. Akasema siku aliyozaliwa, baba yake alimpima kwa mizani ya duka aliyokuwa ameichukua kuitengeneza, kilo tatu na gramu mia moja, na akaendelea kumpima kila Jumapili. Alipofariki, baba huyo hakuweza kulitaja jina lake, na yeye akaamua kunyamaza naye. Wamenyamaza miaka hamsini na mmoja. Wiki iliyopita, kitandani, mzee alimwomba kitu kimoja: akienda yeye, mtoto ahesabiwe pamoja na wenzake. Mama Mkubwa akamwahidi.

Kisha akalitaja jina. Akalitaja mara ya pili, polepole, kama mtu anayejaribu kama bado linatamkika.

Shangazi akajifunika uso kwa kanga. Yeye alikuwa anajua. Wale wanne hawakujua. Kaka mkubwa, ambaye maisha yake yote ameitwa kifungua mimba, alikaa chini ingawa hapakuwa na kiti nyuma yake, na watu wakamsogezea.

Nikageuza kichwa, Shemeji alikuwa ananiangalia. Afadhali angesema.

Mstari mmoja. Ulikuwemo kwenye toleo lile. Nilitazama viatu vyangu mpaka tulipotoka.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Nilikwenda kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno, lakini niliyasema vibaya, nikasema tu samahani, Mama. Akanishika mkono. Akasema hakuna mtu aliyelifuta jina lile kwa ubaya, na kwamba yeye mwenyewe alilifuta miaka hamsini. Akaongeza, kwa sauti ileile, kwamba nina masikio mazuri na niyatumie.

Kisha akaomba nakala zirekebishwe. Zilikuwa zimekusanywa karibu zote. Shemeji akatoa mfukoni kalamu kumi na mbili nyeusi, kama mtu aliyejua. Wakakaa sebuleni, Shangazi, dada, wale wanne na Shemeji mwenyewe, wakaanza kuandika jina juu ya orodha kwa mkono, nakala baada ya nakala, na kubadili "wanne" kuwa "watano".

Nilivumilia hadi nakala ya tisa. Nikasimama nikasema kwamba hii ni miandiko saba tofauti. Nikasema kwamba hata wakiandika nakala zote, chanzo kitabaki na kosa, na kosa lililo kwenye chanzo ni kosa hai. Nikawaomba saa moja tu, nirekebishe chanzo, nilitengeneze Fagio liwe linauliza kabla ya kufagia, kisha tutachapa upya kwa heshima inayostahili. Shangazi akasema nichukue hata mwaka, ila nikachukulie jikoni.

Fagio lilipojifunza kuuliza, liliuliza mfululizo bila kusubiri jibu. Nilipolinyamazisha zilikuwa zimepita saa nne. Nikatoka na toleo sahihi. Sebule ilikuwa kimya, kalamu zimerudi kwenye boksi, dada anakusanya vikombe. Wamemaliza zamani. Kaka mkubwa peke yake alikuwa bado amekaa, anaandika jina lile kwenye karatasi tupu, moja chini ya jingine.

Alhamisi, tarehe 21 Agosti

Kikao cha familia jana kilimchagua dada kuwa katibu. Kura zote isipokuwa moja. Amenunua daftari! Daftari la karatasi, lenye maua kwenye jalada.

Nimetafakari yaliyotokea kwa utulivu, bila kujipendelea. Kosa nimeliona. Folda ya Matoleo ilikuwa wazi kwa mtu yeyote kuandika ndani yake. Nimeifunga kwa nywila ya herufi kumi na nne. Shemeji hawezi tena kuongeza kitu hata akiombwa na nani.

Leo nimechukua ruhusa kazini. Nimechapa nakala mpya mia na ishirini, zenye jina, kwa herufi za mashine, nikazunguka nyumba kwa nyumba kubadilishana na zile za kalamu, ambazo dada ameshawarudishia watu. Nyumba nane. Hakuna aliyekubali. Mchinjaji alisema ile yake ameitundika ukutani juu ya mizani. Kaka mkubwa alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango bila kuubamiza.

Nikamalizia kwa Mama Mkubwa. Alikuwa kibarazani na Shemeji, ambaye alikuwa amekuja kufunga bawaba. Nikamwonyesha nakala mpya: jina limenyooka, ukubwa uleule na wa majina ya wadogo zake. Akaitazama muda mrefu. Akasema imependeza. Akanivutia kigoda. Akasema nikae, anataka kunisimulia mtoto huyo alivyokuwa anacheka akiwekwa kwenye sahani ya mizani, maana baba yake alikuwa anajifanya hasomi namba mpaka acheke.

Nikaona thamani ya jambo hilo mara moja. Nikamwomba dakika moja tu, nikafungua kompyuta magotini. Jina la mtoto litahitajika mara nyingi tangu sasa, na haifai kuliandika kwa herufi moja moja, mtu akakosea tena. Linahitaji kitufe chake, ukibonyeza lijiandike lenyewe. Lakini vitufe vyangu karibu vyote vina kazi. Ilibidi kuhamisha kile cha namba za kurasa, ambacho kinategemea kile cha ukingo.

Nilipoinua kichwa, alikuwa ameshamaliza. Shemeji alikuwa amekaa sakafuni, bisibisi mkononi, anajifuta macho kwa kiwiko. Sikusikia hata neno moja.

Lakini kitufe kinafanya kazi. Nimekijaribu mara thelathini.