Damu ya Mtani

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Elsa, binti yangu mkubwa, kaja kwangu Likombe na mashine ya kupima sukari. Eti nimekonda. Eti nakunywa maji kama ng'ombe na kwenda chooni kama mwenye mimba. Nimemwambia mimi ni Lourenco, niliyevuka Ruvuma na mzigo wa mihogo kichwani, siogopi kidude kisichotosha hata kiganja.

Kanitoboa kidole. Tone la damu. Mashine ikalia kama kifaranga. 13.8!

Elsa akaisoma mara mbili. Mimi nikacheka. Maana jirani yangu Mohamedi, Mmakua yule, mtani wangu, alipimwa majuzi akapata 5.2, na akatangaza mtaa mzima. Tano! Mwanamume mwenye ndevu! Nimemzidi zaidi ya mara mbili. Nikasimama uani nikamtajia namba yangu juu ya ua wa makuti, mara tatu, asije akasema hakusikia.

Hakujibu. Wivu huo.

Jumanne, 7 Novemba

Kumbe ni mashindano ya kuwa mdogo! Elsa ndiye aliyenifungua macho. Anasema ukipima asubuhi, kabla hujatia kitu mdomoni, inatakiwa sita au chini ya hapo. Ikifika saba na kuzidi, tena siku hadi siku, hiyo ni sukari yenyewe. Mambo gani haya? Kila kitu duniani mwenye kingi ndiye mkubwa, isipokuwa hiki. Aliyetunga hajawahi kuvuna.

Na Mohamedi alikuwa anajua. Kwa hiyo jana alinyamaza kwa kunionea huruma. Huruma ya Mmakua! Sijatukanwa hivyo tangu nizaliwe.

Elsa kaweka sharti. Nijipime kila asubuhi. Jumamosi atakuja kuangalia, maana mashine inakumbuka kila ilichopima, mmbeya mkubwa. Nikiwa chini ya saba, ruksa kwenda shambani Kilambo msimu huu wa korosho. Nisipokuwa, nahamia kwake Chikongola, ugali wa dona na mlenda, na kliniki juu. Msimu wa mabibo, watu wanakamua pombe yake, uraka, mimi nakula mlenda mjini! Bora jela.

Kisha kakiona kidole changu cha mguu. Kidonda kidogo tu, kiatu kilinibana. Nakitia majivu. Elsa kakitazama muda mrefu, akaondoka bila kunywa maji.

Jumatano, 8 Novemba

Nimetumia akili. Chungu na tamu ni maadui, hilo hata mbuzi anajua. Nimechemsha mwarobaini sufuria nzima, mweusi kama lami. Nikanywa bakuli moja. Machozi! Bakuli la pili halikupita, ikabidi nitie sukari vijiko vitano ndipo likateremka.

Nikapima. 16.2.

Mashine mbovu.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimelala na akili, nimeamka na akili zaidi. Elsa alisema mashine inakumbuka namba. Hakusema inakumbuka damu ya nani. Nilipata cheti cha kisomo cha watu wazima, hayo ndiyo mambo tuliyofundishwa: kusikiliza kisichosemwa.

Nimemfuata Mohamedi. Nilimkuta kibarazani na rundo la mabibo, ananyofoa korosho moja moja na kutupa bibo kwenye ndoo ya mbuzi. Nikamweleza. Kanicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akasema Wamakonde tumezoea kuomba chumvi, sasa tumefika kwenye damu. Akasema yeye kashajipanga siku nikifa atashuka kaburini alale humo, asitoke mpaka ukoo wangu umpe mbuzi, hivyo hana haraka ya kuniponya.

Lakini utani ni utani. Mtani akikuomba humnyimi, unamtoza. Kataka jogoo wangu mwekundu. Jogoo mwenyewe anawika kuliko msikiti na kanisa. Nikampa, roho inauma.

Tukakubaliana kesho alfajiri, akitoka kuswali, kabla hajala.

Ijumaa, 10 Novemba

Balaa!

Nilichelewa kidogo, nikamkuta kashaanza kazi ya korosho. Hajala kitu, kaapa. Akafuta kidole kwenye kikoi akanipa. Nikatoboa. Kapiga kelele kama mtoto wa jando, mzee mzima. Nikasubiri ile tano yangu nzuri.

24.6!

Tulitazamana. Mimi nikamwambia pole. Yeye akasema mashine imesikia harufu ya Mmakonde ikachanganyikiwa. Lakini uso ulimbadilika, na hakuendelea na korosho.

Nimebonyeza kila kitufe. Haisahau. Nimeitikisa. Haisahau. Nimeimwagia maji kidogo. Inakumbuka vizuri zaidi.

Na jogoo kabaki kwake.

Jumamosi, 11 Novemba

Elsa kafika mapema, kabonyeza, kaona. Kapiga ukunga majirani wakatoka. Nikatiwa kwenye bajaji bila viatu.

Njia nzima kanishika mkono. Kamtaja mama yake. Mama Elsa alianza hivihivi, kidole, halafu mguu, halafu tukamzika. Elsa kasema hawezi kuzika mara ya pili kwa sababu ya ubishi. Nikajifanya sikusikia. Bajaji ilikuwa na kelele.

Zahanati kuna nesi anaitwa Glory, mtoto wa bara, mdogo kuliko viatu vyangu. Kaninawisha mikono kwa sabuni kama mtoto anayeandaliwa ubwabwa. Kapima. 14.1. Elsa akauliza ishirini na nne imekwenda wapi. Nesi akanitazama. Nikatazama kalenda ukutani. Nesi akasema kwa namba ile ingebidi nipelekwe hospitali nilazwe.

Kulazwa! Nikasema kweli papo hapo. Ile damu si yangu, ni ya Mohamedi.

Elsa akakaa chini. Nesi akaruka kwenye simu, huyo Mohamedi aletwe upesi, anaweza kuanguka wakati wowote. Kaja kwa pikipiki, midomo imemkauka. Njiani kashamwusia dereva mbuzi wake wagawiwe nani. Wakamnawisha, wakampima. 5.3.

Nesi akamwuliza jana alikuwa ameshika nini. Korosho, kasema, tangu katoka kuswali. Nesi kacheka mpaka kaegemea kabati. Kumbe maji ya bibo ni sukari tupu. Yakibaki kidoleni, mashine inapima bibo, haipimi mtu. Kasema msimu huu wanaletewa wagonjwa wa namna hiyo kila wiki.

Halafu kanigeukia, kicheko hakuna. Kasema yangu ni yangu, maana nimenawa, na siku zote ziko juu. Kasafisha kidonda, kasema kidole hiki tukifanyia mzaha kitaondoka, na hakitaondoka peke yake. Kanipa vidonge. Kaongea kuhusu chai, wali, viatu, uraka, mengi sana. Sikuyashika yote. Bado nilikuwa nalifikiria lile la bibo kidoleni. Lina akili kubwa ndani yake.

Mohamedi anadai jogoo wa pili, fidia ya kutishwa.

Jumatatu, 13 Novemba

Niko Chikongola kwa Elsa. Sina kinyongo, maana nimegundua jambo ambalo hata nesi alilisema bila kulielewa.

Sukari inapitia vidoleni! Miaka yote mimi nashika mabibo, nashika miwa, nashika maandazi. Ndiyo maana. Mama Elsa naye alikuwa mpishi, mikono yake haikukauka sukari. Angeniuliza mimi.

Kwa hiyo leo Elsa alipokwenda dukani kwake, nimeanza matibabu. Nimenawa mpaka kwenye viwiko. Chai nimetia vijiko sita, kikombe nimekishika kwa kitambaa. Andazi nimelichoma kwa uma kama mzungu. Kisha Anna, mwanamke wa nyumba ya nyuma, kanipitishia uraka dirishani, dumu la lita tano. Sijaligusa. Nimetumbukiza bua la jani la mpapai kama mrija na kuvuta nimekaa, mikono nyuma kama mtu anayekaguliwa na mkuu wa mkoa.

Vidonge vya sukari nimeviacha kwenye pakiti. Vile huwezi kuvimeza bila kuvishika.

Kidonda cha mguu kimetoa maji kidogo. Si kitu. Mguu nimeunyoosha mbali kabisa na dumu, haukupata hata tone.

Kesho asubuhi mashine itasoma tano. Isiposoma tano, basi Elsa hakunawa aliponitoboa.