Tajiri Wangu wa Nanganga

Jumatatu, 8 Januari 2024
Mwaka wa sita naishi ukweni, nje kidogo ya mji wa Newala. Mama mkwe, Bi Anjelina, ananitazama nikila. Naogopa hata kukohoa. Leo nimeona nyumba inauzwa mjini. Vyumba vitatu, bati zima, na kisima cha kuvuna maji ya mvua! Mke wangu Yuliana aliposikia habari ya kisima, aliweka ndoo chini akaniomba nirudie. Lazima niipate.

Jumanne, 9 Januari
Dalali ni Abdulrazaki. Nawajua madalali: akikuona una shida, bei inapanda. Nikamwambia mimi natumwa tu. Tajiri wangu ni mama mmoja wa Nanganga, ana mikorosho isiyo na idadi, hana haraka. Akauliza yukoje, asije akapishana naye. Sikuwa nimejiandaa! Nikamtajia sura ya mama mkwe: mrefu, pengo la mbele, kilemba cheusi, hacheki. Bei haijapanda.

Alhamisi, 11 Januari
Abdulrazaki kanipeleka kwa wakili, Bi Agatha. Anauliza swali, kisha anakutazama. Akataka kujua mnunuzi hasa ni nani. Dalali yuko pembeni, masikio wazi. Ningekiri angejua nimemdanganya. Nikasema tajiri. Basi aje mwenyewe Jumatatu, na kitambulisho chake, akasema wakili. Mkataba hauandikwi kwa jina la aliyetumwa. Nikategemea fundi niliyempeleka kukagua kisima. Angekuta ufa, ningejitoa kwa heshima. Kisima kizima! Sijalala.

Jumamosi, 13 Januari
Nimekwisha. Abdulrazaki kamwona mama mkwe sokoni, kamtambua kwa pengo. Kamwamkia shikamoo, kamuuliza kama ndiye tajiri anayenunua nyumba kwa mkono wa Silvesta, yaani mimi. Mama mkwe kaitikia marahaba. Kisha akafikiri kidogo, akasema ndiye. Yuliana alikuwa naye, ndiye aliyenisimulia, anafuta machozi kwa kucheka. Usiku mama mkwe kaniongezea ugali. Ugali wenyewe umenitia hofu zaidi.

Jumatatu, 15 Januari
Kwa wakili. Mama mkwe kavaa kilemba kipya. Bi Agatha akauliza mara mbili kama kuna mwenye neno. Mara zote alinitazama mimi. Nikafungua mdomo. Mama mkwe akageuza shingo taratibu. Mkwe ni mkwe, nikaufunga. Wakili akauliza mimi ni nani kwake. Mama mkwe akajibu ni kijana wake wa kumtuma, mwaminifu. Fedha za korosho zangu nikazitoa mfukoni kwa mikono yangu. Mkataba umeandikwa jina la Anjelina.

Jumatano, 17 Januari
Tumehama. Wote. Mama mkwe kachukua chumba kikubwa na ufunguo wa kisima. Yuliana anachota maji uani anaimba, kwa hiyo siwezi hata kununa. Nilikwenda kwa Bi Agatha kulia. Akasema ningemwambia ukweli siku ya kwanza, nyumba ingekuwa yangu. Wakili si mtu wa kuogopwa. Maneno mazuri, lakini kosa langu nimeligundua mwenyewe: tajiri alikuwa mwanamke. Jioni nikaenda hadi Kitangari, kuna nyumba ndogo ya kufaa msimu ujao wa korosho. Nikamwambia dalali wa huko natumwa na tajiri wa Chiwata, mwanaume. Akauliza yukoje. Nikamtajia sura ya mjomba wa mke wangu.