Mama Mkwe Ameniona Nikila

Kwa Mwalimu Harriet, unayemfundisha binti yangu Kiswahili chuoni,

Pokea salamu kutoka Malaba, ambako mimi, Benard Ekaju, wakala wa forodha, naandika nikiwa nimekalia gunia kwa sababu nyumbani hakukaliki. Sina ugomvi na Kiswahili, ndicho kinachonilisha hapa mpakani. Ugomvi wangu ni na hizo video zako.

Ulimwagiza Akiror atengeneze video ya dakika tatu kuhusu mlo wa nyumbani, amwonyeshe mzee wa familia, kisha aandike maoni ya huyo mzee. Mtoto mtiifu, akanirekodi mimi nikila. Na mzee aliyemchagua ni bibi yake wa Kirewa. Yaani mama mkwe wangu, Mwalimu! Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse mmoja akiwa anatafuna. Miaka ishirini na miwili nimemkwepa kwa heshima zote. Akija kwangu, natokea mlango wa nyuma. Tukisalimiana, ukuta uko katikati. Sasa tazama ulichofanya:

1. Nilikuwa nimevaa fulana. Ile yenye tundu.

2. Mwanzoni mwa video Akiror aliniambia nisalimie watazamaji, nikawasalimia kwa meno yote. Mama akajisahau, akaitikia! Wazee wameshakaa mara mbili kwa jambo hili. Mzee Imalingat anasema simu nayo ni ukuta, kwa hiyo hakuna kosa. Mzee Olupot anauliza ni ukuta gani huo unaoonyesha meno.

3. Simu ilikwama. Ilikwama, Mwalimu, pale pale nilipofungua kinywa kupokea kichwa cha samaki. Mama akajifunika shuka, mtoto asijue la kufanya, na mimi nikabaki nimeachama mbele ya mama mkwe wangu mpaka chaji ikaisha. Wakati huo niko hapa kwenye foleni ya malori, sina habari kwamba naaibika Kirewa.

4. Mke wangu Betty hasemi nami tangu Jumapili ya juzi. Anaamini mama yake hatakanyaga tena kwetu. Mama ana miaka themanini na miguu imeanza kumkataa, sijui alibakiwa na safari ngapi, na mimi ndiye niliyezikatiza kwa kichwa cha samaki. Hili linaniuma kweli.

5. Wewe ukampa Akiror alama themanini na mbili na kuandika kwamba baba ana sura ya kamera. Asante sana, lakini hainisaidii.

Kwa hiyo naomba video zipigwe marufuku, wanafunzi warudi kwenye insha. Katika insha hata mwenye fulana yenye tundu huandikwa amevaa koti. Ikishindikana, kila mzazi akaguliwe vizuri kabla hajapelekwa kwa wakwe, kama tunavyokagua mizigo hapa. Na mbuzi wa kuondoa aibu, chuo kitoe nusu. Nusu ya mbele nitatoa mimi.

Nisalimie walimu wenzako wote, mpishi wa chuo, na yeyote aliyeiona hiyo fulana.

Ni mimi, niliyeaibika pande zote mbili za mpaka,
Benard Ekaju

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Betty amenipigia. Amesema nami! Kumbe mama ameitazama video mara nne. Anasema miaka yote hii alisikia kikohozi changu tu nyuma ya ukuta, akadhani binti yake ameolewa na mtu mkali. Hakujua kwamba huwa nacheka. Sasa anataka naye arekodiwe ili nimwone, maana mimi namjua kwa mgongo tu. Mwalimu, achana na yote niliyoandika hapo juu. Mpe Akiror zoezi lingine, na tafadhali litoe wiki hii, kwani tangu juzi mama hatoki kitandani. Mbuzi nitamtoa mzima. Video ikifika nitaitazama peke yangu, nimevaa koti.