Hakuna Kiti Kitakachokaa Wazi

Umma ulitangaziwa, kwa kipaza sauti na kwa waraka uliobandikwa mpaka mlangoni mwa choo, kwamba kuanzia Jumatatu utoro na uchelewaji shuleni vimefutwa. Havikupunguzwa wala kudhibitiwa, vimefutwa. Aliyevifuta alikuwa Mratibu wa Mahudhurio, afisa mwenye ofisi yake karibu na lango la shule, kiti cha kuzunguka, na feni iliyokubali kufanya kazi baada ya kupigwa kofi.

Wengine wote walikuwa wamehangaika na watoto: wakawaonya, wakawafungia lango, wakawaita wazazi. Mratibu peke yake ndiye aliyeng'amua kwamba mtoto si tatizo. Mkaguzi akiingia darasani hamwoni mtoto asiyekuja. Anaona kiti kitupu. Basi waraka ukaamuru kwamba hakuna kiti kitakachokaa wazi. Kengele ikilia na mwenye kiti hayupo, mtu mzima aliye karibu atakaimu nafasi yake kwa mamlaka kamili, wala hatang'olewa mpaka kengele ya mwisho, hata mwenyewe akitokea. Kaimu, waraka ulifafanua, hasumbuliwi akiwa kazini.

Mafanikio yalionekana siku hiyohiyo. Darasa la nne lilijaa wajomba, dada wenye watoto wachanga, na mwashi mmoja aliyelala usingizi wa pono huku saruji imemkaukia kwenye ndevu. Mwalimu wa darasa hilo, mwanamke mpole aliyeanza kuuchoka upole wake, alikwenda kulalamika kwamba anawafundisha sehemu za ua watu wenye wajukuu. Mratibu alimuuliza swali moja tu: wamo au hawamo? Mwalimu akakiri kwamba wamo. Mratibu akamwambia linashughulikiwa, akamfungulia mlango. Neno hilo lilikuwa limembeba kazini tangu ujana wake, na halikuwahi kumwangusha.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi angekuja Kamishna kukagua. Akikuta viti vimejaa, Mratibu angepandishwa kuwa Mkurugenzi kule makao makuu, ghorofani, kwenye zulia. Aliutamani ukurugenzi huo mpaka ukamkosesha usingizi. Mkewe alikwisha kuwadokeza majirani, na ndugu wa mbali walikwisha kuanza kumwomba kazi.

Doa lilikuwa moja: shangazi wa Nakuja. Nakuja alikuwa mvulana wa darasa la nne, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu ndilo jibu lake kila akiamshwa. Zamani alikuwa akichelewa kidogo. Tangu waraka utoke hakuonekana kabisa, maana shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, alilazimika kukalia kiti chake, na nguo za wateja haziwezi kujishona. Kwa hiyo mtoto alibaki nyumbani akikaimu cherehani.

Kila mapumziko shangazi alikwenda ofisini kulieleza jambo hilo. Mara nyingi hakumkuta Mratibu. Si kwamba Mratibu alikuwa mtoro, la hasha. Alikuwa na majukumu ya nje. Siku aliyomkuta, hakuzunguka.

"Mheshimiwa, nikiwa hapa, yeye yuko kwenye cherehani. Akiwa kwenye cherehani, hapa atakujaje? Mtoto anaanza kusahau kusoma, na mimi naumia."

"Linashughulikiwa, mama."

Alikuwa amelisikia jibu hilo mara nyingi kiasi kwamba safari hii walilitamka pamoja.

Alhamisi Mratibu alipitia kwa kinyozi, na kinyozi hakuwa na haraka. Kisha akaenda kusimama njia panda kulipokea gari jeupe la Kamishna. Jua likapanda, shati likamganda mgongoni. Alilipungia mkono kila gari jeupe, likiwemo la mikate. Mwishowe akarudi kwa miguu, akausukuma mlango wa ofisi yake.

Kwenye kiti cha kuzunguka alikaa shangazi wa Nakuja, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni. Mbele yake mwanamume mwenye funguo kiunoni alikuwa akinywa soda ya wageni. Mratibu alimwamuru shangazi ainuke, na aliamuru kwa sauti aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya makao makuu.

"Nilikuja na shida yangu, kengele ikalia, kiti kikawa wazi," akasema shangazi. "Mlinzi wa lango akanisomea waraka. Nivumilie, baba, mpaka kengele ya mwisho."

Mratibu akamgeukia mgeni, akataka kujua yeye ni nani na Kamishna yuko wapi.

"Mimi dereva wake. Leo nakaimu nafasi yake. Waraka wako umempendeza sana, mzee. Yeye yuko gereji na gari, anakaimu nafasi yangu." Akapangusa mdomo. "Kwa mamlaka kamili."

Mratibu akaketi kwenye benchi la walalamikaji. Hakuwahi kulikalia, ndiyo maana hakujua kwamba mguu mmoja ni mfupi.

Ukaguzi ukaendelea pale ulipokuwa umeishia. Dereva aliuliza kuhusu vyoo, na shangazi akasema linashughulikiwa. Akauliza kuhusu madawati, kuhusu paa linalovuja, kuhusu upungufu wa walimu. Yote yalikuwa yanashughulikiwa. Dereva akaweka chupa chini kwa heshima.

"Mama, nimewaendesha wakubwa maisha yangu yote, nawasikia wanavyojibu. Majibu safi namna hii ni ya makao makuu tu. Nakuthibitisha. Na ukurugenzi ni wako."

Iliuma, na Mratibu hakuweza kuficha kwamba imeuma. Aliuliza kwa sauti ndogo, na yeye je. Dereva akamtazama juu mpaka chini, akamuuliza ana kiti gani.

Uamuzi wa kwanza wa shangazi ulikuwa kumtuma mlinzi nyumbani, mtoto aiache cherehani na aje shule. Uamuzi wa pili ulimhusu Mratibu, kwa kuwa mpaka mtoto afike, kiti kimoja darasa la nne kilikuwa wazi.

Mwashi aliamka, akasogea pembeni ampishe. Magoti ya Mratibu yalimfika kidevuni. Mwalimu alipoita jina la Nakuja, aliitika kwamba yupo, na kwa mujibu wa waraka alikuwa anasema kweli.

Haukupita muda, Nakuja akatokea mlangoni akihema, nyuzi zimemjaa kichwani, amevaa sare aliyoishona mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Mratibu akanyoosha kidole juu.

"Mwalimu, mwenye kiti amefika. Naomba nitoke."

Mwalimu akavuta kiti chake mwenyewe, akakiweka karibu na ubao, akamkalisha mtoto. Akampa chaki na kumkaribisha shuleni. Kisha akamgeukia Mratibu kwa ule upole wake wa zamani.

"Linashughulikiwa," akasema. "Wewe chora ua."