Kibali cha Kurudi cha Bwana Tringham

Mnamo Januari 1954, bango lilipigiliwa kwa misumari minane kwenye ukuta wa stesheni ya Nakuru, likitangaza kwamba sasa nchi itakuwa na utaratibu. Mtu yeyote aliyetoka nje ya nchi akarudi kufanya kazi atapita kwanza Ofisi ya Kutoka na Kurudi, na hapo atathibitisha kwamba kazi anayoirudia haiwezi kufanywa na mtu ambaye hakuondoka.

Kanuni hizo, kurasa arobaini na moja, ziliandikwa na mkuu wa ofisi mwenyewe, Bwana Tringham. Karani wake, Dalmas Masinde, alizipiga taipu mara tatu, na kila mara alizidi kuziheshimu. Masinde alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na alikuwa mtu wa kufunga tai hata akienda kuchota maji.

Wa kwanza kunaswa alikuwa mkunga, Eucabeth Adero, aliyekuwa amekwenda Kampala miezi minne kusomea kazi yake. Alishuka kwenye treni, akafika dirishani na sanduku mkononi.

"Nimerudi," akasema.

"Hilo litaamuliwa," alijibu Masinde. "Ulipokuwa Kampala, watoto walizaliwa hapa Nakuru?"

"Kwani walikuwa wananingoja mimi?"

Bwana Tringham akatoa kichwa mlangoni. "Basi kazi inafanyika bila wewe. Kaa benchi, siku thelathini."

Siku ya tatu, mama mmoja aliyekuja kuulizia kibali cha mumewe alishikwa na uchungu papo hapo. Adero akavua koti, akamzalisha nyuma ya kabati la mafaili. Bwana Tringham alikasirika mno, kwa sababu mtoto alikuwa ameingia nchini bila fomu. Masinde alimtazama yule mtoto, akaandika kwenye daftari: "Hana hati. Analia." Jioni hiyo Adero alipewa kibali chake haraka, asije akawaingiza wengine.

Aprili ikafika, na Bwana Tringham akaenda likizo kwao Uingereza miezi sita. Alimkabidhi Masinde muhuri.

"Fuata kanuni, Masinde. Usibadilishe hata nukta."

Masinde hakubadilisha hata nukta. Aliuliza yaliyoandikwa tu, hakuongeza ya kwake, na foleni ikawa inakwisha kabla ya chai ya saa nne. Watu hawakujua wafanye nini na asubuhi iliyobaki.

Oktoba, Bwana Tringham akaingia ofisini na kofia kichwani, pua imebambuka kwa jua la melini.

"Jambo, Masinde. Lete muhuri."

Masinde alisimama kwa heshima, akampa fomu. "Karibu sana, bwana. Dirisha liko upande wa nje."

"Wewe unanijua mimi!"

"Nakujua kabisa, bwana. Ukurasa wa tisa unasema kujuana si hati."

Huko nje, Mzee Kosgei, aliyekuwa ametokea Tanganyika na sasa akihesabu siku zake thelathini benchini, alimsogezea nafasi. "Keti hapa, bwana. Huko kuna msumari."

Zamu ya Bwana Tringham ilipofika, Masinde aliuliza, "Unarudia kazi gani?"

"Ukuu wa ofisi hii!"

"Ulipokuwa Uingereza, kazi hiyo ilifanyika?"

Bwana Tringham alichungulia ndani. Meza ilikuwa nyeupe, haina faili hata moja.

"Ilifanyika," alisema kwa sauti ndogo.

"Na nani?"

"Na wewe."

Masinde aliandika. Alijua watu waliolala rumande kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini nukta ni nukta. Akalifunga faili, akalituma Nairobi.

Nairobi walilisoma wiki tatu. Hawakuona kosa, na hilo liliwauma, maana kumlaumu karani kungekuwa kukiri kwamba kanuni ni za kipuuzi. Wakajibu: Masinde abaki na muhuri, Bwana Tringham apewe kazi yoyote ambayo hakuna mtu wa Nakuru anayeitaka.

Ikatafutwa. Kubeba magogo Elburgon, watu walikuwepo. Kuzibua mitaro, walikuwepo. Ikapatikana moja tu: kuwasomea watu wa foleni zile kanuni, kwa sauti, zote, kila Jumatatu. Watano walikuwa wamejaribiwa. Aliyevumilia sana alitoroka ukurasa wa sita.

Jumatatu hiyo Bwana Tringham alipanda juu ya kreti, akasoma. Alipofika ukurasa wa kumi na saba, Mzee Kosgei aliinua mkono.

"Bwana, hapo umeniacha. 'Aliyerudi kabla ya kutoka atahesabiwa kuwa yuko njiani.' Maana yake nini?"

Bwana Tringham alisoma tena kimoyomoyo. Akafunua mbele, akafunua nyuma, akavua kofia. Foleni nzima ilimngoja kwa adabu. Mwishowe aliteremka, akainama dirishani.

"Masinde," alinong'ona, "huyu aliyeandika hapa, alikuwa anataka kusema nini?"

"Andika swali lako, bwana," alisema Masinde, "ukae benchi. Utaitwa."