Mawifi Wameelewana

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu amerudi saa moja na nusu. Kazini hutoka saa tisa. Hapo katikati alikuwa kwa dada yangu. Tena.

Maharage nimepika mimi. Chini yameungua, juu mabichi. Binti yetu mkubwa, mwenye miaka kumi na mitatu, amesema hajawahi kuona sufuria moja ikifanya makosa mawili kwa wakati mmoja. Mdogo, wa miaka sita, amekula mkate.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Kosa ni langu. Kwa miaka minane mke wangu na dada yangu walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Mimba yetu ya pili iliharibika, mke wangu akalazwa, na dada hakuja kumwona hata siku moja. Ikawa hivyo. Kati ya nyumba hizi mbili kuna mitaa miwili tu, na tarishi ni mimi. Mwaka jana utarishi ukanichosha. Nikamwambia mke wangu kwamba wifi yake anamsifia mikono myepesi. Kazi yake ni kutoa watu damu maabara, sifa ya mikono ni sifa kweli. Nikamwambia dada, ambaye ni fundi cherehani, kwamba wifi yake anasema hajaona anayemfikia kwa kola. Hakuna aliyesema lolote kati ya hayo. Niliyatunga yote nikiwa nakata kioo cha dirisha la choo cha mteja.

Ikafanya kazi. Ikapitiliza. Sasa wanajifunza kuogelea pamoja Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, wanawake wawili wa makamo wenye kofia za mpira. Siku zilizobaki wanazungumzia kuogelea.

Zamani mke wangu akirudi alivua viatu mlangoni akanisimulia habari za mishipa. Mshipa uliojificha. Mshipa uliokimbia. Mzee aliyezirai kabla sindano haijatoka kwenye karatasi yake. Siku hizi anasimuliwa dada, zikiwa za moto. Mimi napata makombo. Leo nimeuliza habari za kazini, nimejibiwa: salama.

Lazima kitu kifanyike. Kidogo tu. Ugomvi wa wiki mbili hivi, wa kistaarabu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepita kwa dada kabla ya kufungua duka langu la vioo. Nimemwambia, kwa masikitiko, kwamba lile gauni alilomshonea wifi yake linambana kwapani, ila mwenyewe anaona haya kusema. Kisha nikaenda zangu kazini kusubiri moto uwake. Dada hajawahi kukubali kosa la mkono wa gauni tangu nimjue, nami nimemjua maisha yangu yote.

Saa kumi jioni amefika nyumbani, futi shingoni, pini mdomoni. Amemfungia wifi yake chumbani. Wamekaa humo saa tatu nzima. Nje nilisikia vicheko tu.

Kumbe gauni lilikuwa linabana kweli. Kumbe mke wangu alikuwa anaona haya kweli. Wametoka wanashukuriana. Dada akaniuliza nilijuaje. Nikasema mimi ni mtu wa kuona mambo. Mke wangu akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Kwa kuwa wamekosa bwawa la leo, wanafidia kesho.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamka na mgongo. Yaani, nimeamua kuamka na mgongo.

Mke wangu akanibonyeza, akauliza unauma wapi. Nikaonyesha. Akauliza tena. Nikaonyesha pengine. Hata hivyo akasema jioni hatoki, atakaa na mimi. Robo saa nilikuwa mtu mwenye furaha.

Halafu akampigia dada simu aje amsaidie kunigeuza.

Wamekaa kitandani kwangu, mmoja huku, mwingine kule. Walipochoka kunichua wakaanza mazoezi ya mikono. Wameogelea hewani juu ya mwili wangu, wakihesabu pumzi. Nimegundua kwamba wao kwa wao huniita Mwenyekiti. Nilidhani ni heshima. Ni kwa sababu ya kiti ninachokalia kila jioni nikimsubiri mke wangu arudi.

Dawa ya kuchua ilikuwa kali mno. Sikuweza kujikuna, kwani mwenye mgongo mbovu hawezi kufika huko. Duka limefungwa kutwa. Mama mmoja mwenye dirisha lililovunjika alikuja, akagonga, akaondoka.

Nimechoka kwa kulala.

Alhamisi, 7 Machi

Leo si siku ya kuandika kwa mbwembwe.

Saa kumi mke wangu alikuwa anakunja taulo, anatia kwenye mfuko wa bwawani. Nilimwomba abaki. Nilimwomba vizuri, bila mgongo. Akasema niende nao, kuna benchi. Nikasema nina kazi. Akacheka kidogo, akasema wifi yake amenijua kweli: nikitaka kitu sikisemi, nakizunguka.

Ilinichoma kwa kuwa ni kweli. Na ulimi ukanitangulia.

Nikasema, “Huyo wifi yako unamjua? Muulize alisema nini ile mimba ilipoharibika.”

Akaiweka taulo chini. Akauliza alisema nini. Bado nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema nimesahau, ningeweza kuanza kukohoa. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba dada alinipigia siku ile ile akasema wifi yake angepumzika, badala ya kushinda na sindano zake, mtoto angekuwepo.

Mke wangu akaketi ukingoni mwa kitanda, kofia ya mpira mkononi. Hakuenda bwawani.

Mimi nilitaka ugomvi wa kwapa. Sikutaka huu.

Ijumaa, 8 Machi

Saa tisa na nusu mke wangu yuko nyumbani. Amepika. Maharage yameiva chini na juu. Amekunja nguo, akazikunjua, akazikunja tena. Nimempata mzima, jioni yote, kama nilivyotaka, na sijui nimuweke wapi.

Simu yake imelia mara nne. Kila mara aliigeuza uso chini.

Mdogo akauliza kama shangazi amekufa, maana hakuna anayemtaja. Mkubwa akamwambia ale. Kisha akanitazama mimi, si mama yake. Mtoto huyu anaona mbali, naye hakuurithi uangalifu huo kwangu.

Jumamosi, 9 Machi

Dada amekuja dukani asubuhi. Nilikuwa nakata kioo cha kabati. Akauliza wifi yake ana nini. Nikasema mambo ya wanawake siyaelewi. Hakuondoka. Kisu cha kioo kikaniteleza, kioo kikapasuka mahali nisipokusudia. Hapo akajua. Akauliza kama nimemwambia. Nikatikisa kichwa kukubali.

Akaketi juu ya kreti la fremu. Alisema siku ile uchungu ulimpanda, akatafuta wa kumlaumu, akanipigia mimi kwa kuwa mimi ni mdogo wake. Ilipofika jioni alishikwa na aibu hata akashindwa kuingia wodini. Alifika getini, akarudi. Kesho yake ikawa vigumu zaidi, na keshokutwa zaidi. Ikawa miaka.

“Nilikuambia wewe,” akasema, “ili lifie kwako.”

Akainuka, akaenda moja kwa moja nyumbani kwangu. Nikafunga duka, nikamfuata kwa mbali.

Walikaa kwenye ngazi ya nyuma. Mimi nilisimama jikoni na sahani mkononi, nikijifanya naosha. Nilisikia yote. Dada hakujitetea. Alisema aliyasema, alikosea, na hakuja kumwona kwa sababu hakuwa na uso. Mke wangu akasema hayo ya sindano yeye mwenyewe alijiuliza kila siku mwaka mzima, akiwa kazini, akiwa ameshika mkono wa mtu. Na katika mwaka huo hakutokea mtu wa kumwambia kwamba halikuwa kosa lake.

Dada akamwambia. Halikuwa kosa lako. Akalirudia. Wakalia wote wawili.

Sahani ilikuwa imekauka zamani. Mimi pia sikumwambia. Nilidhani tunajua. Nilikuwa nalala kitanda kimoja naye, nikidhani tunajua.

Baadaye mke wangu akaingia jikoni. Hakupandisha sauti.

“Alilosema yeye lilikuwa la siku moja,” akasema. “Wewe umelitunza miaka tisa, ukangoja siku ya kulitumia.”

Nilimwambia halikuwa kosa lake. Akasema asante, limechelewa lakini asante. Akaniomba jambo moja tu: nisiingie tena kati yake na wifi yake. Nifunge mdomo. Nikaahidi, na nilimaanisha.

Wakaenda bwawani macho yamewavimba, wameshikana mikono.

Jumapili, 10 Machi

Nimefunga mdomo tangu alfajiri. Nimechemsha chai, nimempelekea mke wangu bila neno. Akakaa karibu nami kidogo, bega kwa bega, akanywa nusu kikombe. Nilikaribia kulia. Nadhani tutapona.

Halafu akaniarifu kwamba mwalimu wa kuogelea amewasifu sana. Wako tayari kwa upande wenye kina. Kuanzia wiki ijayo wataongeza na Jumatatu.

Sikusema kitu. Niliitikia kwa kichwa, vizuri kabisa, kama mtu aliyekua. Akanishika shavu. Akaenda kwa dada kumweleza jinsi nilivyolipokea.

Watoto walikuwa sebuleni. Nimechana karatasi ya mwisho ya daftari hili, nimeketi mezani, nimemwandikia meneja wa bwawa. Nimemweleza, kwa heshima zote, kwamba maji ya Jumatatu yana rangi ya kijani isiyopendeza, na kwamba watu wa makamo, hasa wanawake, hasa wanaokuja wawili wawili, wanahatarisha afya zao. Nimependekeza bwawa lifungwe siku hiyo. Kwa usalama zaidi, na Alhamisi. Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Nimetia sahihi: Mpenda Afya.

Maji hayo sijawahi kuyaona.

Mkubwa akapita, akauliza naandika nini. Sikumjibu. Ahadi ni ahadi. Niliambiwa nifunge mdomo, nami nimeufunga kutwa nzima. Mkono haukutajwa.